Sumu Haijatoka

Nje kidogo ya mji palikuwa na kambi ambako wageni walikuja kuonja maisha ya mwaka wa njaa. Walivaa matambara, wakalala juu ya majani, na mchana Bi Kalunde, mzee aliyeuishi mwaka huo, akawaigizia mapishi ya ndiga, mizizi ya mwituni yenye sumu, ambayo enzi zile ilichemshwa na kumwagwa maji tena na tena kabla ya kuliwa. Ila chunguni mwa kambi mlikuwa na viazi vitamu tu.

Siku hiyo msichana mmoja mgeni alichoka kungoja.

"Njaa inaniuma, mama," alisema huku akicheka, akachota kiazi na kukipeleka mdomoni.

Bi Kalunde alimpiga mkono. Kiazi kikaangukia majivuni.

"Bado, Shija! Sumu haijatoka!"

Wageni waliduwaa, kisha wakapiga makofi. Meneja wa kambi akamsogelea na kumnong'oneza, "Safi sana, mama. Kesho rudia hivyohivyo."

Msichana hakupiga makofi. Alikuwa bado ameushika mkono wake uliopigwa.

"Shija ni nani?"

"Mdogo wangu. Nilikwenda kisimani kuchota maji ya kubadilisha. Niliporudi nikakuta ameshakula."

"Lakini hivi ni viazi tu, mama."

"Najua, mwanangu."

Hata hivyo aliinamisha chungu, akamwaga maji yote, akatia mengine na kupuliza moto. Msichana akaweka bakuli lake chini, akachuchumaa kando yake, wakangoja.