Kiroba Kilichovikwa Kanga

Alikuwapo Bi Fuko, mwenye haya kumshinda mwari, akilima uyoga nyumbani kwake katika viroba vya majani makavu, ndio chakula chake cha masika. Siku moja akaona kiroba kimoja kimeota ukungu wa kijani. Badala ya kukitoa, akakivika kanga na kukisukuma katikati ya vingine kumi na kimoja, majirani wasije wakamcheka.

Kumbe Chiriku, ambaye mdomo wake hauna komeo, yuko dirishani.

"Mwenzangu, unayemvika kanga ni mgeni au maiti?"

"Nisitiri, shoga yangu! Usimwambie mtu."

"Mimi tena? Mimi kaburi!"

Jua halijageuka, kijiji kizima kilishajua. Bi Fuko akajifungia ndani, akalia mpaka macho yakavimba. Mara mlango ukagongwa. Ni Nungunungu, bibi mkali asiyecheka na mtu.

"Fungua, mwanangu. Mwaka jana nilikificha changu, asijue mtu. Ukungu ukavila vyote, nikashinda njaa masika yote. Kitoe hivyo hivyo, usikifungue, tukakifukie mbali. Na mikono uinawe kwa sabuni kabla hujagusa vingine."

Wakakifukia pamoja. Vile kumi na kimoja vikachipua uyoga mweupe pepepe. Fungu la kwanza Bi Fuko akampelekea Chiriku, ambaye siku zote hizo alikuwa akimkwepa kwa aibu ya kuitoboa siri yake.

"Wa nini huu, shoga?"

"Wa kutonisitiri."

Chiriku akaula wote, na tangu siku hiyo hajanyamaza.