Ua! Ua!

"Ua! Ua!" Akina mama wa kikundi walipiga kelele kutoka ng'ambo ya bustani ya mtaa, wakimwonyesha muuza nyama miguuni pake.

Ndiyo kwanza alikuwa amejiunga nao asubuhi hiyo. Akajua ni nyoka tu. Akainua jembe.

"Ua, jamani, ua!" wakazidi kurukaruka kwa furaha. Msimu mzima walikuwa wakimwagilia mche ule, na leo umechanua!

Jembe likaanza kushuka.

"Baba Watoto, waridi hilo!" mkewe akapaza sauti.

Likazama udongoni, upana wa kidole tu kutoka kwenye shina. Ua jekundu likatikisika, likadondosha umande.

Watu walicheka mpaka wakakaa matopeni. Muuza nyama alikuwa amesharukia juu ya ndoo.

"Chekeni tu, dada zangu. Mimi sishuki mpaka mnionyeshe nyoka."