Bangili ya Uchovu

Masika ilipokatika, Shekiondo alitandaza ramani mezani apange kipande cha tatu cha njia ya milimani. Siku hizi mpandaji haruhusiwi kwenda mpaka mtu wa nyumbani kwake avae bangili ya kumbebea uchovu, kuanzia siku ya kufunga mizigo.

"Nipitie bondeni au kileleni, Mama Hoza?"

"Daktari kasema moyo wangu hautaki vilima," mkewe alijibu kutoka jikoni, akisonga ugali, bangili tayari mkononi.

"Mbona kilele cha mwaka jana hakikunichosha hata kidogo!"

"Kingekuchoshaje, baba? Nilipanda mimi."

Shekiondo alicheka. Akalijaribu begi mgongoni, akaliona jepesi kama pamba. Akaongeza hema, akaliinua tena.

Jikoni mwiko ulinyamaza.

"Mama Hoza?"

Begi lilikuwa bado jepesi.