Mkalimani wa Ilongero

Mwaka 1955 mhadhiri Mwingereza wa chuo kikuu alikuja Ilongero kueleza jinsi Umoja wa Mataifa ulivyoikabidhi Uingereza nchi ya Tanganyika iitunze. Damiani alikuwa mkalimani wake.

Mama yake Damiani akasimama katikati ya umati, mikono ina vumbi la mtama.

"Ukipewa ng'ombe wa mtu umtunze," alisema kwa Kinyaturu, "mwenyewe huja kumchukua. Na sisi nchi yetu tutaichukua lini?"

Bwana DC, mkuu wa wilaya aliyeketi kando ya mhadhiri, akamkazia macho Damiani. "Bibi huyu anasemaje?"

Damiani angeweza kudanganya kwamba bibi anaomba dawa ya mifugo, kazi yake ya serikali ikasalimika.

Akafunga kifungo cha juu cha koti.

"Huyu ni mama yangu, bwana," alisema kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Na swali lake ni hili."