Chipu Chali

Wakoli alikitoa kibao cha shaba kwenye mkebe wa asidi, akakisuuza, akaguna. Njia za umeme zilikuwa safi, nyembamba kama nywele, lakini zote zilikuwa kinyume. Alikuwa amesahau kugeuza mchoro kabla ya kuubandika kwa pasi.

Vibao vingine vilipatikana mbali, mjini Kitale. Na mayai thelathini yalikuwa yakingoja sanduku la kuangulia vifaranga, ambalo joto lake lingeongozwa na kibao hicho, kwa siku ya saba sasa; yakikaa zaidi yangeharibika.

"Nini tena, mzee?" mkewe aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Nimechora kinyume. Miguu ya chipu haiwezi kuingia mahali pake."

"Mimi nikikata mikono miwili ya gauni ikawa ya upande mmoja, si nageuza tu kitenge? Geuza hiyo chipu."

Wakoli alitoboa matundu ya miguu kwenye kibao. Kisha akailaza chipu chali kama mende, akaikunjia miguu yake minane mgongoni, mmoja mmoja, kwa ncha ya kisu. Mguu wa nane ulipozama kwenye tundu lake, akacheka peke yake.

Alipoinua macho, cherehani ilikuwa imenyamaza. Mkewe alikuwa mlangoni na trei ya mayai.