Nondo Saba

Sheria ilikuwa moja: bustani isiyosajiliwa mnyama wala mdudu mwaka mzima, inageuzwa kiwanja cha ujenzi. Bi Sikudhani, mwenye bustani, alikwisha kata tamaa, hadi magharibi ya siku ya mwisho wageni walipotua kwenye asumini aliyoipanda marehemu mumewe. Akawapiga picha, akaitangazia mashine ya usajili na maagizo kwa furaha: “Nondo saba!”

Asubuhi lori likabwaga vyuma saba juu ya asumini.

“Si umeagiza mwenyewe, mama?” fundi aliyeshuka kwenye lori akasema. “Nondo saba, hesabu.”

“Nondo wadudu, baba! Wenye mabawa!”

“Makubwa! Nondo za kuruka?”

Bi Sikudhani akamwonesha picha. Chini yake mashine ilikuwa imeandika: Kosa. Hizi si nondo.

Kutoka chini ya vyuma akatambaa mmoja, bawa limechanika. Fundi akachuchumaa, kicheko kimemwisha.

“Maskini. Sasa huyu anaitwaje?”

Bi Sikudhani akafumbua kinywa, akaitazama ile mashine, akalimeza jina.