Dodoso Namba Kumi na Saba

Ukumbi mzima uliomba ushindi. Teodora peke yake aliomba ashindwe.

"Mbona unatetemeka kama uko kwenye foleni ya sindano?" Khalidi, aliyefundisha naye idara moja, alimtania. "Tuzo ya Makala Bora ni yako, dada. Wengine hapa tumefuata sato tu."

Teodora alitabasamu kwa meno. Asubuhi alikuja na gauni jipya na hotuba ya shukrani mkobani, mwenyewe hajambo kabisa. Kisha Dokta Muhidin, mwenyekiti wa kongamano hilo la mifumo ya taarifa, akatangaza mtindo mpya: mwaka huu mshindi hatakabidhiwa tuzo na mgeni rasmi. Atakabidhiwa na mmoja wa watu aliowahoji kwenye utafiti wake. "Na kamati imeshamfuata huko huko aliko!"

Teodora akakitua kikombe cha chai mezani. Maana yeye hakumhoji mtu.

Siku aliyopaswa kuvuka kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kuwauliza wauza dagaa wanavyotumia simu, ziwa lilichafuka. Yeye na mawimbi hawapikiki chungu kimoja. Akabaki huku huku Mwanza mjini, mgahawani, akayajaza madodoso yote sitini mwenyewe, kwa kalamu tatu na mikono yote miwili. La kumi na saba ndilo lililomnogea. Humo alimbuni Mama Kija, mjane, muuza dagaa, akamvisha kitenge cha bluu, akamtia na maneno mdomoni. Hata "kabla" aliiandika "kabra", kama alivyotamka bibi yake wa Ukerewe, ili makala inukie ufukweni. Ikanukia kweli. Sasa ikigundulika, kazi hana, na shahada ya uzamivu itarudi ilikotoka.

"Na mshindi wetu ni..."

Alilisikia jina lake kama mtu anayesomewa hukumu. Khalidi akamsukuma. Miguu ilipanda jukwaani. Yeye mwenyewe alibaki kitini.

"Juzi nimevuka mwenyewe na kivuko," Dokta Muhidin alitamba. "Nikaulizia, nikaoneshwa kibanda chake. Makofi kwa Mama Kija wa Kamanga!"

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akaingia mwanamke wa makamo, kitenge cha bluu, ndala miguuni, kikapu cha dagaa kwapani.

Makofi yalilia, Teodora hakuyasikia. Mtu aliyemzaa kwa kalamu alikuwa anatembea, anakuja, anamtazama yeye.

Mama akashika kipaza sauti. "Simu ndiyo jicho langu," alisema. "Naijua bei ya sokoni kabra sijapakia dagaa kwenye kivuko."

Kabra.

Neno hilo Teodora alilizaa kati ya miiba ya sato na chai ya pili, na mezani hakukuwa na mtu mwingine. Jasho lilimtiririka mgongoni hadi kiunoni. Alimgeukia Dokta Muhidin, labda angemshika mkono asianguke. Dokta naye alikuwa anajifuta jasho, ingawa kiyoyozi kilikuwa juu yake.

"Shikamoo, mama," Teodora alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu."

Alijiandaa kugusa kitu cha baridi. Lakini mkono uliomkabidhi tuzo ulikuwa na joto, tena umelowa jasho kama uso wa Dokta. Mama akamvuta kifuani kama anayemkumbatia, akamwekea mdomo sikioni.

"Kabla hawajatupiga picha, mwanangu, nisaidie: hiyo Kamanga iko wapi?"